Kiti cha Mbele: Zawadi kwa Viongozi na Historia ya Miiko, kwa Mifano ya Mbulu na Hanang

Katika semina za viongozi wa matawi na mashina tunazoziendesha wilayani Mbulu na Hanang, lipo swali moja ambalo kila likiletwa huzua mabishano yasiyokwisha kabla ya chakula cha mchana. Swali lenyewe ni hili: kiongozi akipewa fadhila ambayo hakuiomba, na ambayo haikumgharimu mtoaji kitu kikubwa, je, anapaswa kuitangaza hadharani?

Mara ya mwisho swali hili lililetwa na kijana mwanafunzi. Alikuwa amesoma habari za Australia, ambako mwezi Oktoba 2024 Waziri Mkuu Anthony Albanese aliandamwa kwa maswali kuhusu safari zake za miaka ya nyuma kwa ndege za shirika la Qantas. Ilielezwa kwamba zaidi ya mara ishirini alipandishwa daraja bila malipo. Ndiyo kusema msafiri ana tiketi ya kawaida, lakini anapewa kiti cha mbele, kipana, cha bei kubwa, na hatozwi nyongeza. Kijana akauliza: sisi msimamo wetu ni upi?

Wajumbe wengi walicheka. Katibu mmoja wa tawi, mzee wa Dongobesh, akasema kuwa watu wa huku ndege huziona zikipita juu ya Mlima Hanang, na hawajapata kuwa na haja ya kujua kiti cha mbele kina mto wa aina gani. Baada ya kicheko akaendelea: "Lakini Ndugu Mkufunzi, kiti cha mbele tunakijua. Zamani tulikuwa tukisafiri juu ya magunia ya lori, vumbi tele, na mwenyekiti anakaa chini pamoja na dereva. Sisi tulilipa nauli. Yeye hatukujua kama alilipa."

Mzee huyu alilishika suala mahali penyewe. Hatuna sababu ya kuliona kuwa ni jambo la wazungu na mashirika yao ya ndege. Historia ya uongozi katika nchi yetu, tangu wakati wa misafara hadi leo, inaweza kuelezwa kama historia ya kiti cha mbele: nani anakitoa, kwa sababu gani, na aliyeko juu ya magunia ana haki gani ya kujua.

Tuanze na lugha, kwa maana lugha huhifadhi mambo ambayo watawala wangependa yasahauliwe. Leo tukisema hongo kila mtu anaelewa kuwa ni rushwa. Lakini katika karne ya 19 hongo ilikuwa ni malipo ambayo misafara ya wafanyabiashara iliyatoa kwa watemi ili ipite katika nchi zao na kupata maji. Ugogo ilijulikana sana kwa hongo. Malipo hayo yalidaiwa waziwazi, yalibishaniwa mchana kweupe kwa siku nyingi, na wazee waliona ni vitambaa vingapi na shanga ngapi zilizoletwa. Neno lenyewe halikuwa na aibu. Aibu iliingia pale malipo yalipotoka uwanjani na kuingia chumbani. Twaomba wasomaji wetu walishike jambo hili, kwa sababu litarudi.

Mkoloni wa Kiingereza alipoweka utawala wa kupitia machifu, hasa tangu Gavana Donald Cameron alipotunga sheria ya Serikali za Wenyeji mwaka 1926, ada za kimila walizopewa machifu ziligeuzwa. Badala ya kulimiwa na kuletewa mifugo na mazao, chifu alipewa mshahara uliotokana na kodi. Wapo waandishi wanaolisifu jambo hilo kuwa ni usafi wa utawala. Kwa upande mmoja ni kweli, kwani mshahara huandikwa. Kwa upande mwingine lilikata uzi. Chifu aliyekuwa akila kwa watu wake sasa alikula kwa Bwana Shauri, na zawadi alizoendelea kupokea kwa siri hazikuwa tena na mzee wa kuzihesabu. Uhuru ulipofika, Serikali yetu ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Mazoea ya kupokea hayafutwi kwa sheria ya siku moja.

Hapo Mbulu ina sura yake maalum katika historia ya nchi. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1960, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichopotea kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Ndugu Herman Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, akasimama peke yake bila kuteuliwa na akashinda. Katika vyuo vya siasa tukio hili hufundishwa kama habari ya nidhamu ya Chama. Sisi twaliona pia kama habari ya kiti. Wananchi wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walitaka kumchagua wenyewe mtu wa kuwawakilisha. Wapo wanaoona kwamba fundisho la Mbulu lilichangia fikra iliyozaa uchaguzi wa mwaka 1965, ambapo wagombea wawili wa Chama hicho hicho walishindana mbele ya wananchi. Basi watu waliothubutu hivyo mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru, haifai kuwaambia leo kwamba zawadi za viongozi wao ni mambo yasiyowahusu.

Tuje kwenye Azimio. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Mbulu wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa huo huo wa Arusha. Manyara ilikatwa kuwa mkoa mwaka 2002 tu. Masharti ya uongozi yanajulikana kwa kila kada: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi maana yake si mtu peke yake, bali mtu na mkewe, au mwanamke na mumewe.

Huo ulikuwa ukuta madhubuti. Lakini tukijikosoa, kama Chama kilivyotufundisha kujikosoa, hatuna budi kusema kwamba ukuta ule ulijengwa kuzuia mali yenye hati. Hisa ina cheti. Nyumba ina hati. Mshahara una karatasi yake. Ukurugenzi umeandikwa katika kumbukumbu za kampuni. Kila kilichokatazwa mwaka 1967 ni kitu ambacho mkaguzi angeweza kukikuta ndani ya faili. Fadhila haina faili. Lifti ya gari kutoka Katesh hadi Arusha haina hati, wala chakula cha hotelini, wala kitanda alicholazwa mtoto wa kiongozi kabla ya wagonjwa waliotangulia, wala kiti cha mbele.

Si kwamba waasisi hawakujua rushwa. Ahadi za mwanachama wa TANU ziliitaja rushwa kwa jina na kuiita adui wa haki. Sheria ya kuzuia rushwa ilitungwa mwaka 1971, na mwaka huo huo Mwongozo wa TANU uliwakemea viongozi wenye majivuno, wabadhirifu na wakandamizaji. Mwaka 1973 Bunge likatunga sheria ya kuunda kamati ya kusimamia masharti ya uongozi. Lakini rushwa ni biashara: natoa hiki, napata kile. Na unyonyaji ni umilikaji. Kati ya biashara na umilikaji kuna uwanja mpana wa vitu vinavyotolewa bila kuombwa na bila kudaiwa malipo siku hiyo. Uwanja huo haukulimwa na Azimio, na magugu yakaota.

Wazee wa Hanang hutusimulia miaka ya baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta yalipokuwa adimu na mabasi machache. Mtu aliyeweza kukupa nafasi ndani ya Landrover alikuwa amekupa siku tatu za maisha yako. Gari lilikuwa la mradi, au la misheni, au la mfanyabiashara. Kiongozi alipungiwa mkono apande, mama mwenye mtoto mgonjwa akabaki kando ya barabara. Hakuna aliyeona ubaya, kwani kiongozi alikuwa na kazi za umma. Pengine kweli alikuwa nazo. Lakini mwaka uliofuata mwenye gari alipotaka kiwanja, au kibali, au alipokuwa na ugomvi wa mpaka na wafugaji, ni nani kati ya hao wawili, kiongozi yule na mama yule, aliyejua tabia njema za mwenye gari?

Hapa twafika kwenye jambo zito zaidi, nalo ni ardhi. Katika Hanang, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Canada. Yalikuja kuwa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd, kila moja karibu ekari 10,000. Mitambo ilitoka Canada, wataalamu wengi walitoka Canada, na vijana wetu walipelekwa huko kusoma. Nchi ilihitaji mkate, na hatuungani na wale wanaosema leo kwamba kulima ngano lilikuwa kosa. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, waliyoyatumia kwa zamu kwa majira, na ndani yake yalikuwemo makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu ya Arusha ikawapa haki wanakijiji mwaka 1984. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985. Malalamiko hayakuisha, na mwaka 1993 Serikali ikaunda Tume ya Kisanga kuchunguza uvunjaji wa haki katika mashamba yale. Baadaye NAFCO yenyewe iliondoka, baadhi ya ardhi ikarudi kwa wananchi na nyingine ikaenda kwa wawekezaji.

Kwa nini tunaleta ngano katika suala la kiti cha ndege? Kwa sababu msaada ule nao ulikuwa zawadi, zawadi ya taifa kwa taifa, na haukuwa na siri ya rushwa. Hata hivyo zawadi ilikuwa na njia yake ya kurudi kwa mtoaji. Mtambo wa Canada huharibika, na vipuri vyake vinatoka Canada. Mambo hayo yalijulikana katika ofisi za Dar es Salaam. Hayakusomwa mbele ya mfugaji wa Basotu, ambaye ndiye aliyelipa kwa malisho. Kama zawadi iliyoandikwa katika mikataba ya serikali mbili inaweza kuwa na bei ambayo mwananchi haijui, itakuwaje ile isiyoandikwa popote?

Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, ni mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu ilipewa haki ya kuwinda katika ardhi ya Wahadzabe, pamoja na ahadi za maendeleo. Wahadzabe na watetezi wao wakapinga, habari zikaenea duniani, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikajitoa. Hatudai kwamba kiongozi yeyote alipewa kitu. Hatuna ushahidi wa hilo na hatutausingizia. Tunachosema ni kwamba, kama Mhadzabe mmoja angetaka kujua ni viongozi gani waliowahi kualikwa, kusafirishwa au kukirimiwa na wageni wale, hapakuwa na daftari ambalo angeweza kulifungua na kukuta jina, au kukuta ukurasa mtupu. Ukurasa mtupu nao ni ushahidi, na kiongozi mwaminifu ndiye anayeuhitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya 1967. Mwanachama sasa angeweza kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Wapo makada waliolia, na wapo walioshangilia kwa ndani. Hatutarudia mabishano hayo hapa. Itoshe kusema kwamba baada ya katazo kuondoka, ilibaki njia moja tu ya kumlinda mwananchi, nayo ni tangazo. Ikiwa kiongozi anaruhusiwa kuwa na mali, basi aiseme. Ndiyo maana ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995. Sheria hiyo ilitaka kiongozi atoe tamko la mali zake na madeni yake. Kuhusu zawadi, iliruhusu vitu vidogo na ukarimu wa kawaida, lakini ilipotungwa iliweka kwamba zawadi ya thamani inayozidi shilingi 50,000 itolewe taarifa kwa maandishi kwa ofisa masuuli wa ofisi inayohusika, naye aelekeze itumikeje.

Kwa hiyo yule kijana angejibiwa kwa ufupi: tofauti ya bei kati ya kiti cha nyuma na kiti cha mbele katika safari ya nchi za nje inapita kiwango hicho mara nyingi, itolewe taarifa. Lakini jibu hilo la kisheria lina tundu. Taarifa inakwenda kwa ofisa masuuli, siyo kwa wananchi. Ofisa masuuli mara nyingi ni mtu anayefanya kazi bega kwa bega na mpokeaji, na pengine chini yake. Mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay hataiona karatasi ile maisha yake yote. Kutoa taarifa ndani ya ofisi ni jambo jema, lakini si kutangaza. Ni kuhamisha siri kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Tena, jambo la ndege halikuanza jana. Rais John Magufuli alipoingia madarakani Novemba 2015 alizuia safari za nje zisizo na kibali, na viti vya madaraja ya juu kwa fedha ya Serikali vikabakizwa kwa viongozi wakuu wachache. Hatua ile ilipokelewa kwa shangwe. Wachache waliona kwamba inafungua mlango wa nyuma: ofisa ana tiketi ya kawaida kama agizo linavyotaka, Hazina haikulipa hata senti moja zaidi, lakini yeye amekaa mbele kwa hisani ya shirika. Agizo limetiiwa, na deni limezaliwa.

Mara nyingi tumeelezwa kwamba kiti chenyewe kilikuwa kitupu, kwa hiyo hakuna aliyepoteza. Hoja hii tuipime. Kama shirika la ndege ni la umma, mfano Air Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la Afrika Mashariki na kufufuliwa kwa ndege mpya zilizonunuliwa kwa fedha za wananchi kuanzia 2016, basi kiti ni mali ya wananchi, na mfanyakazi wa kaunta hana mamlaka ya kukigawa kwa kumwogopa mheshimiwa. Shirika ambalo ripoti za Mkaguzi Mkuu zimelionyesha likipata hasara mwaka hata mwaka halina kiti cha kugawa. Na kama shirika ni la watu binafsi au la nchi nyingine, basi lina mahitaji yake kwetu: haki za kutua, idadi ya safari kwa wiki, tozo za viwanja, mikataba ya kusafirisha watumishi. Mbona kiti kitupu hakupewa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa safu ya thelathini? Kilitafuta cheo, kikakipata.

Hoja ya pili ina uzito zaidi na hatuwezi kuipita kwa dharau. Ni hoja ya mila. Katika boma la Mbarbaig, kiongozi akikataa pombe ya asali aliyotengewa amewatukana wazee. Kwa Wairaqw, mgeni hatoki mikono mitupu kirahisi. Mjumbe mmoja alituuliza kwa uchungu: mnataka tugeuke wazungu? La hasha. Lakini tuitazame mila yenyewe ilivyo. Pombe ile hunywewa mbele ya watu. Kila mzee anajua nani kaalikwa, nani kapewa kwanza, nani kaachwa. Mila haikuficha, iliweka zawadi katikati ya boma, kama hongo ya zamani ilivyobishaniwa mchana. Anayeificha zawadi kwa jina la mila hajaifuata mila. Ameazima nguo yake tu.

Wala mila ya huku haikosi mafichoni pake, na hilo nalo lisemwe. Mwiraqw mwenye mifugo mingi huigawa kwa marafiki mbali na kwake. Rafiki hunywa maziwa na kupata samadi, mwenye mali huhesabu ndama. Ni utaratibu wa busara dhidi ya ukame na maradhi. Lakini ndama aliyetolewa kwa kiongozi anaweza kulala katika zizi la shemeji miaka kumi, na fomu ya mali ikajazwa bila kusema uongo mkubwa. Sheria ya kutangaza zawadi lazima ijue mambo kama haya, ama sivyo itawakamata wanaopewa kalamu na kuwaacha wanaopewa mitamba.

Taifa limekwisha kujaribu kuihalalisha zawadi kwa jina la ukarimu. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili mgombea aruhusiwe kutoa takrima, yaani ukarimu wa kimila kwa nia njema. Neno zuri, lenye harufu ya udi. Wenye uwezo wakatoa, wasio na uwezo wakaonekana wachoyo. Asasi za haki za binadamu zikaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikavitangaza vifungu vile kuwa kinyume cha Katiba. Somo lake kwetu ni kwamba hata mahakama ilitambua kuwa ukarimu na ununuzi vinaweza kuvaa kanzu moja. Mwisho wa mwaka 2014, katika sakata la fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta, nchi ilisikia tena maneno hayo hayo: fedha ni msaada, fedha ni zawadi. Baadhi ya mashauri yalifika mbele ya Baraza la Maadili mwaka 2015. Hanang, wilaya iliyolipa taifa Waziri Mkuu kwa miaka kumi, 1995 hadi 2005, haiwezi kusema kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali.

Wengine wamechagua njia iliyo wazi zaidi. Bunge la Uingereza lina daftari la maslahi ya wabunge tangu miaka ya 1970, na Australia tangu 1984; zawadi na safari huandikwa humo na yeyote husoma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema zawadi anayopewa ofisa wa taifa katika shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri. Sisi wenyewe tunao mfano wa nyumbani: zawadi nyingi alizopewa Mwalimu Nyerere zimo katika makumbusho ya Butiama, na mtoto wa shule anaweza kusimama mbele yake akaziangalia. Naye Albanese? Makada wengine wanaona kisa chake kinathibitisha kwamba kutangaza kunamwumiza mtangazaji, kwa kuwa alikuwa ameviandika viti vile katika daftari la Bunge na bado akasutwa. Twaona kinyume. Watu waliweza kumwuliza kwa sababu waliweza kusoma, naye aliweza kujibu kwa sababu alikuwa ameandika. Asingeandika, pangebaki minong'ono, na minong'ono haina kikao cha kujibiwa.

Tuliwakumbusha wajumbe wetu pia siku za msiba wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Nchi nzima ilichanga. Mablanketi, unga na fedha vilikabidhiwa mbele ya watu na mbele ya kamera, kimetajwa kiasi na ametajwa mtoaji. Hakuna aliyesema kwamba kutaja ni kumwaibisha mfiwa. Ikiwa blanketi la mjane wa Katesh limetangazwa redioni, kiti cha mheshimiwa kina utukufu gani hata kisitajwe?

Msimamo wetu, basi, katika mabishano yale ulikuwa huu: zawadi itangazwe mahali ambapo wale wanaoongozwa wanaweza kuisikia. Kwa mbunge na waziri, liwe daftari la wazi, linalosomeka bila maombi wala masharti, na litaje mtoaji, kitu, tarehe na safari. Kwa diwani, katika baraza. Kwa mwenyekiti wa kijiji, katika mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na mapato na matumizi. Na ndani yake wahesabiwe mume, mke na watoto, kama Azimio lilivyomhesabu kiongozi. Kiwango cha chini kiwepo, ili tusiandike kila kikombe cha chai; lakini kisiwe kiwango cha fedha tupu, kwa kuwa lifti ya bure kwa mtu mwenye kesi ya ardhi mbele yako ni kubwa kuliko mbuzi wa mtu asiye na shida na wewe.

Wajumbe hawakukubaliana wote. Mmoja alisema daftari litakuwa silaha ya majungu wakati wa kura za maoni, na hatukuweza kumwambia kuwa amekosea kabisa. Tumekwisha kuona karatasi za kweli zikitumiwa kwa nia mbaya. Mwingine, mwanamke, mjumbe wa serikali ya kijiji karibu na Basotu, alisema yeye anaogopa kitu kingine: kwamba viongozi watazoea kutangaza na kuendelea kupokea, kama mtu anayekiri dhambi ile ile kila Jumamosi. Hoja hiyo tuliiandika ubaoni na ikabaki pale hadi jioni.

Yule mzee wa Dongobesh alirudi kwao na kununua daftari la shule, la kurasa 96. Tulipopita miezi michache baadaye alituonyesha. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa. Zilikuwamo debe la mahindi, lifti mbili za kwenda Mbulu mjini pamoja na jina la mwenye gari, na beberu mmoja ambaye mbele ya jina lake palikuwa na alama ya kuuliza, kwa sababu mtoaji alisema ni wa mzee na mzee alisema ni wa ofisi, na mkutano wa kijiji ulikuwa bado haujakaa.